Visanduku Vitupu kwenye Kioo cha Gari

Mwanangu Banza,

Usicheke kwanza. Najua wewe ndiye uliyenizaa. Lakini tangu nilipopewa jina la mama yako, Numbi, hujawahi kunitaja kwa jina hilo. Unaniita Mama, nyumbani, kanisani, hata mbele ya walimu wangu, mpaka natamani nizame chini. Ukirudi na njaa unasimama mlangoni: "Mama, mutoto wako iko na njala!" Na mke wako, yule aliyenibeba tumboni, anajibu toka jikoni: "Mwenye iko na mama yake apikiwe na mama yake!" Basi leo nimeamua kulitumia jina hili nililopewa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda basi la Kolwezi. Anayetoka nyumbani ni mtoto, anayebaki ni mama, na mama ana neno.

Nimekaa barazani, saa tisa ya mchana, daftari juu ya magoti. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Ndani, pasi iko juu ya shati lako la pili. Sitakuandikia habari za mashati, wala za chakula, wala za dawa ya malaria. Hizo mke wako amekwisha kukuambia mara nne, na ya tano inakuja. Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimekuficha, na ukienda Kolwezi bila kulijua utaipoteza kazi hii kama ulivyopoteza ile ya kwanza.

Unanijua. Mimi ndiye ninayefungua mdomo kwenye kwaya bila kutoa sauti. (Ndiyo, ni kweli, mwaka wa pili sasa. Samahani. Ulikuwa unawaambia watu kwamba unanisikia.) Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na halitoki kwa lugha yoyote. Kwa hiyo nimepanga hivi: karatasi hii ya kwanza nitaisoma mwenyewe, kwa sauti, leo ukirudi, kabla hatujala. Nitasimama. Nikikwama, ngoja. Usiniambie "acha tu, Mama". Karatasi zinazobaki sitazisoma. Sababu utaikuta hukohuko.

Jambo lenyewe ni hili: simu yako haikuwa na kosa. Wala ile ya kwanza, wala ya pili, wala hii ya tatu.

Kumbuka jaribio la udereva kule Shituru. Kampuni ilikuwa inatafuta dereva, na wewe una miaka ishirini ya teksi mikononi. Ulivyotusimulia jioni ile, yule Madame anayesimamia magari yao alikaa pembeni yako ndani ya jeep mpya yenye kioo kikubwa katikati, kama televisheni ndogo, na baada ya saa nzima ya kona na mashimo hakuona kosa lolote. Kisha akakuambia: huku kwetu dereva hashiki simu. Simu inaunganishwa na gari kwa bluetooth, ukitaka kumpigia mtu unagusa kioo. Haya, mpigie yeyote. Simu ikaungana na gari mara moja. Orodha ya watu wako ikatokea kwenye kioo, na wewe ukaona visanduku vitupu, kimoja chini ya kingine. "Sawa vile nyumba za camp ya kampani," ulisema, "zote namna moja, haujue nani anaikala wapi."

Ukagusa kimoja. Sauti ya tantine Monga, dada yako mkubwa wa kule ziwani Tshangalele, ikajaa gari zima:

"Eh, Banza! Leo njo umenikumbuka? Kamba yangu ya nyavu iko wapi?"

"Yaya, niko mu kazi. Niko mu motokari."

"Motokari ya nani?"

"Ya kampani."

"Uliiba?"

Ulivyomwiga tulicheka mpaka machozi. Ulikuwa unatafuta garage, ulisema. Ukagusa kisanduku kingine, akatoka kiongozi wa kwaya. Cha tatu, akatoka mama anayeuza mayai, akakuuliza unataka trei ngapi. Madame naye alicheka, halafu akaacha kucheka. "Papa, kuendesha unajua. Lakini telefone yako haipatane na motokari yetu." Kazi akapewa mwingine.

Mimi nilicheka mpaka pale uliposema visanduku. Pale nilijua.

Nilikuwa na miaka kumi uliponiletea simu yako ya kwanza ya kugusa. "Mama, majina acha. Tia picha." Nikakutilia samaki kwa tantine Monga, spana kwa garage, noti ya muziki kwa kwaya, kuku kwa mama wa mayai. Yangu uliichagua mwenyewe, kizee mwenye mvi, ukaizungusha simu nyumba nzima kumwonyesha kila mtu. Nilidhani ni mchezo. Baadaye, sikumbuki siku gani, nilielewa kwamba haukuwa mchezo, na kwamba ile miwani unayoitafuta mifukoni kila ukipewa karatasi hujawahi kuihitaji. Simu yako inazijua picha zile. Kioo cha gari kinajua herufi tu, na mahali pasipo na herufi kinaweka kisanduku. Hayo ndiyo yote. Mtoto wa shule ya msingi angekueleza kwa dakika moja.

Sikukueleza. Tulienda wote wawili kwa fundi wa simu pale karibu na soko, yule wanayemwita Docteur. Akaigeuza simu yako huku na huku, akaingia ndani yake, akatoka. Kisha akanigeukia mimi, akaongea Kifaransa, cha haraka, si kile chako cha teksi cha kushoto na kulia. Alisema simu ni nzima, inaweza kuongea na gari lolote. Shida ni majina. Mwandikie baba yako majina kwa herufi. Halafu akaniuliza, akitabasamu: au hajui kusoma? Nyuma yetu kulikuwa na wateja watatu. Mmoja wao ninasoma naye.

"Mama, anasema nini?" uliniuliza.

"Anasema telefone haipatane na motokari."

Maneno matano. Docteur alinitazama. Kiswahili alikisikia vizuri, na alinyamaza, maana anazo simu nyingine za kuuza. Wewe ulirudi nyumbani, ukaibeba redio ya mama yako, ile ya mbao aliyosikilizia misa alipokuwa hawezi tena kutembea mpaka kanisani, ukaenda kwake kuibadilisha na simu ya pili. Ukaijaribu kwenye gari la mwenzako lenye kioo. Visanduku vilevile, maana picha zilihama pamoja na laini. Ukapeleka baiskeli, ukarudi na simu ya tatu. Mimi nilikuwa mezani ninafanya kazi ya nyumbani ya fizikia. Nilikuona ukitoka na redio kifuani, umeishika kama mtoto anayepelekwa dispensari, na niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilitaka kukukinga na aibu. Kwa kuwa nimesimama mbele yako, acha niseme sawasawa: nilikuwa ninajikinga mimi. Nilimwogopa yule msichana wa darasa langu kuliko nilivyokupenda, kwa dakika ile.

Halafu nikaongeza uongo juu ya uongo. "Hii telefone ya tatu inataka herufi," nilikuambia. Wiki tano sasa, kila Jumapili baada ya misa, tunaandika jina moja na kufuta picha moja. MONGA. GARAGE. KWAYA. MAYAI. BIBI, ndiye mke wako. Ulilalamika: "Telefone ya kiburi hii!" Lakini ulikaa. Kidole chako, kilichozoea kufunga nati, kilizitafuta herufi ndogo moja moja.

Wiki iliyopita Madame akakupigia. "Papa, pa Kolwezi banatafuta dereva. Mikono yako sikuisahau. Telefone imepatana?" Na wewe ukapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Imepatana!" Atakuangalia mwezi mmoja, kisha atasema ndiyo au hapana.

Banza, simu haikupatana na kitu chochote. Wewe umejifunza kusoma majina matano. Kama utaendelea kuamini ni simu, siku watakapokuwekea jina jipya kwenye kioo utakimbia kutafuta simu ya nne, na hatuna tena redio.

Karatasi imejaa, nimeandika mpaka pembeni. Hapa nitanyamaza. Sema unalotaka kusema. Sitakimbilia chumbani.

*

Sasa ni zamu yako.

Hizi karatasi ni zako. Herufi nimezifanya kubwa. Kifaransa nimekiacha nje. Soma kama unavyosema kwa mdomo. Neno moja, pumzika, neno jingine. Ukichoka, funga. Kesho litakuwa palepale.

Usimpe mtu akusomee. Hata dereva mwenzako. Hata mimi, ukinipigia, nitakusaidia neno moja kwa siku, halafu nitakata.

Utauliza kwa nini ninakuwa mgumu hivi. Ni kwa sababu humu kuna neno la mama yako. Alinipa nikupe. Utasema nimelificha tena. Hapana. Liko mkononi mwako. Lifuate.

Mama yako alikuwa anasafisha samaki. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilikaa karibu yake na mfuko wa chumvi. Nikasoma maneno yaliyo juu ya mfuko, yote, bila kukosea. Kambo, yaani huyo mama yako, akaacha kisu.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Akaanza kulia. Mikono ilikuwa na magamba, hakuweza kujifuta. Nilimfuta mimi kwa nguo yangu.

Akaniambia: "Banza naye alianzaka vile. Alikuwa anasoma bintu byote. Mifuko. Milango ya maduka."

Hukuwahi kuniambia hivyo. Labda umesahau. Yeye hakusahau.

Alisema: "Baba yake alikufa. Samaki ilikuwa ya kutosha mu mayi ya Tshangalele kila siku, na miye nilikuwa na mikono mbili tu. Nikamutosha ku masomo, akabaki hapa. Alikuwa mwaka wa pili. Mwalimu akakuya hapa. Nikamwambia mutoto iko mugonjwa. Akakuya tena. Nikasema tena, mugonjwa. Banza alikuwa nyuma ya nyumba. Alinisikia. Akakohoa, juu ya kunisaidia."

Pale alisukuma beseni pembeni. Samaki wakabaki.

"Alikohoa muzuri sana," alisema. "Mwalimu aliitika, akaenda. Mara ya tatu hakukuya."

Halafu akanishika mkono kwa mkono wake wa magamba. Akasema: "Weye njo miye, jina yetu moja. Siku moja utamwambia nilikosa. Miye sina mudomo wa kusema vile ku mutoto wangu."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka sita, sikujua nimekubali nini. Nilikua. Kambo alikufa. Neno lilibaki kwangu. Wewe uliniita Mama kila siku, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikuwa na mdomo, kama yeye. Nafikiri nililipata hilo pamoja na jina.

Sasa sikia. Ninasema kwa jina lake, kwa sababu ni langu pia.

Nilikosa, Banza. Ulikuwa mzima. Mwalimu alikuja kwa ajili yako, mara mbili. Hakukuacha. Ni mimi niliyemrudisha.

Na pale kwa Docteur, simu ilikuwa nzima. Mimi tena nikasema ni mgonjwa. Jina hili limedanganya juu yako mara mbili. Halitarudia.

Nikuambie nilichojifunza? Si kikubwa. Pale kwa Docteur nilifikiri nikisema ukweli watu watakucheka na utavunjika. Lakini wewe tantine Monga alikuuliza mbele ya Madame kama umeiba gari, na ukarudi nyumbani ukatuchekesha. Huvunjiki kwa kuchekwa. Mimi ndiye niliyedhani hivyo. Nilikupima kwa woga wangu.

Kuhusu lile gari. Madame alisema linaweza kukusomea ujumbe kwa sauti. Ni kweli. Lakini linasoma Kifaransa. Nililisikia kwenye gari la mwenzako: niliandika "Papa uko wapi", na likasoma kama padri mgeni aliyefika jana. Sisi wawili tulicheka. Kwa hiyo ujumbe wangu usilitegemee gari. Simama pembeni ya barabara, zima injini, soma mwenyewe. Nitaandika mfupi.

Na kioo kikikuletea jina usilolijua, usiguse haraka. Angalia herufi ya kwanza. Ya pili. Bosi aliye nyuma atangoja. Kama unataka kumwambia Madame kwamba unajifunza kusoma, mwambie. Kama hutaki, usimwambie. Hilo ni lako, sitaliamua.

Lakini miwani hapana. Nimeitoa kwenye sanduku lako. Utaitafuta utakapofika, utamlaumu mke wako. Usimlaumu. Iko kwangu, na haitarudi.

Kuna kitu kimoja tena, nimekipata sasa hivi.

Simu yako iko hapa kwenye chaji. Nimeifungua nione kama majina yote matano yapo. Nilitaka pia kufuta ile picha yangu, yule kizee, niweke herufi. Niliiacha iwe ya mwisho kwa sababu niliona haya kukuomba uandike mimi ni nani.

Kizee hayuko. Mahali pake kuna herufi nne.

MAMA.

Nilienda jikoni na simu mkononi. "Ni weye uliandika hii?" Mke wako aliangalia, pasi mkononi. "Miye? Miye niko BIBI. Alinionyesha." Akaangalia tena. "Ile aliiandika yeye mwenyewe, siku ya tatu ya juma, weye uko ku masomo. Alikaa hapa mpaka chai yake ikapoa. Alinikataza kukwambia."

Hatujawahi kuandika neno hilo Jumapili yoyote. M ulikuwa nayo, ndani ya MONGA. A ulikuwa nayo, mwisho wa MONGA. Ulizitoa mwenyewe, ukazipanga mwenyewe. Hakuna aliyekushika kidole.

Nilirudi barazani. Nikachukua kalamu tena.

Keshokutwa, saa sita ya mchana, utakuwa umepewa gari. Nitakupigia. Hata Madame akiwa pembeni yako, hata gari zima likinisikia, nitaongea kwa sauti. Hakutakuwa na kisanduku. Kioo kitaandika ni nani anayekupigia. Soma kwanza. Halafu pokea.

Nakusikia njiani. Unaimba, na leo unaimba juu sana. Sasa hivi utafika mlangoni utasema una njaa.

Chakula kitangoja. Hizi za kwako ninazikunja. Ile ya kwanza iko mkononi mwangu, na nimekwisha kusimama.

Mama yako,
Numbi